Chumba Kilichopimwa kwa Mkoko

Wiki iliyopita ami aliandika kwenye grupu ya familia: paa la nyumba ya nyanya kule Lamu linavuja, boriti tatu zimeoza, tuchange tumwage slab. Mimi nikakumbuka dari lile. Utotoni, kila likizo, nililala chali nikihesabu boriti 17. Chumba ni kirefu kama korido, lakini upana wake haufiki mita 3. Nilidhani fundi aliishiwa na mawe. Kumbe aliishiwa na mti: boriti ya mkoko haivuki pengo kubwa kuliko hilo na bado ibebe dari la mawe ya matumbawe na chokaa. Mti ndio uliopima chumba.

Na mkoko si mti wa mchezo. Ni mgumu, mzito, una tanini nyingi, na mchwa hauwezi. Ukiukinga na maji ya mvua, utawazika waliouweka.

Sifa za miti ya pwani yetu zilivuka bahari mapema. Katika karne ya 10, Al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa saji na miti kutoka nchi ya Zanj. Karne nyingi baadaye, majahazi yalikuja na kaskazi yakibeba tende na chumvi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za Lamu. Kuwait na Bahrain zipo nyumba za kale zenye vyumba vyembamba kama cha nyanya, kwa sababu ile ile.

Babu alikuwa mkata mikoko. Alitoka na maji kupwa, akarudi na maji kujaa, matope hadi magotini. Kisha Ghuba ikapata mafuta, ikajenga kwa chuma na saruji. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Msitu ulihitaji kupumzika, hilo sibishi. Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya. Lakini babu alibaki na shoka na watoto sita, na hakuna aliyemuuliza watakula nini.

"Siku hizi nani alala chini ya miti?" ami ameniuliza.

Mimi. Nimetuma pesa za boriti tatu. Za slab, atafute mwingine.