Bahasha ya Shangazi: karatasi za usimamizi zimetoka wapi?



Mabibi harusi mlionipigia simu wiki iliyopita mkakuta duka limefungwa, mniwie radhi. Sikuwa Unguja. Nilipanda boti ya asubuhi, Dar nikachukua treni ya mwendokasi, nikashuka Kilosa na bahasha moja ya kaki niliyoikumbatia safari nzima kama mtoto. Ndani mlikuwa na risiti za mwaka mmja mzima za shangazi yangu: kodi za vyumba vyake vya Mikumi, dawa, posho ya binti anayemuogesha na kumlisha, na bati za paa lililong'olewa na upepo.

Shangazi ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Ujana wake aliuza chakula kando ya barabara kuu pale Mikumi, wali na maharage kwa madereva wa malori ya Iringa na Zambia, na kwa hela hiyo alinunua kiwanja akajenga chumba kimoja kimoja. Kisha kikaja kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na kumbukumbu ikawa inakuja na kuondoka. Haukupita muda mrefu, mtu wa ndani ya ukoo (simtaji) akamwendea na karatasi ya mauziano na kidau cha wino, amshike dole gumba aweke alama. Binti wa kazi ndiye aliyepiga kelele. Ndipo tukaenda mahakamani, na baada ya ripoti ya daktari, kikao cha ukoo na hati za viapo, nikapewa mimi usimamizi wa mali zake.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Mara ya kwanza kupeleka hesabu, karani wa masjala aliipitia karatasi moja baada ya nyingine akaniuliza, "Dada, risiti ya misumari iko wapi?" Nilikasirika, nisiwafiche. Nimeacha cherehani, nimevuka bahari kwa nauli yangu, halafu naulizwa misumari! Nikajisemea, hivi hawa wananiona mwizi?

Hasira ile ndiyo iliyonifanya niulize na kusoma. Mimi nimeishia kidato cha nne na kozi ya ushonaji, sijidai mwanasheria. Ila nilichokikuta nimeona tugawane, maana kinaanzia palepale Kilosa, na Zanzibar imo.

Kilosa iko katika nchi iliyokuwa ikiitwa Usagara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani kijana, Carl Peters, alifika Zanzibar na wenzake, wakavuka kwenda Saadani na kuingia bara. Ndani ya wiki chache walikuwa wamezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, wakiwawekea wakubwa wa huko karatasi zilizoandikwa Kijerumani ili watie alama. Waliotia alama hawakuweza kuzisoma. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati juu ya nchi hizo, na jina la hati hiyo kwa lugha yao ni barua ya ulinzi. Sultani wetu Sayyid Barghash alipinga, akasema zile ni nchi zake. Mwezi wa Agosti zikaja manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, naye akalazimika kukubali.

Nilipofika hapo nikamkumbuka shangazi na kile kidau cha wino. Watu wazima, wenye akili zao na wazee wao, wamegeuzwa watu wa kulindwa. Na yule mlinzi nani alimuuliza hesabu? Nani alimwambia aorodheshe mashamba aliyoyakuta, na mwisho wa mwaka aonyeshe kilichoingia na kilichotoka? Hapakuwa na masjala ya kumdai. Nikaanza kumwelewa yule karani.

Sisi Waislamu jambo hili tulikuwa nalo zamani kabla ya Wajerumani na Waingereza. Surat An-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, zinazungumzia mali ya asiyeweza kuisimamia: asikabidhiwe ovyo, bali alishwe na kuvishwa kutokana nayo, na aambiwe maneno mazuri. Msimamizi mwenye uwezo ajizuie kuila, aliye maskini ale kwa kadiri ya ada, na siku ya kumrudishia mwenyewe mali yake washuhudishwe mashahidi. Aya ya 282 ya Al-Baqara, ile ndefu kuliko zote, yote ni habari ya kuandikiana deni, na imemkumbuka hata mdaiwa aliye dhaifu asiyeweza kuimla maneno: walii wake aimle badala yake, kwa uadilifu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya karatasi na mwandishi! Mimi niliyekuwa naandika madeni ya wateja nyuma ya maboksi ya uzi niliona haya.

Yupo pia sahaba Habban bin Munqidh, aliyewahi kuumizwa kichwa na akawa akidanganywa sokoni. Watu wake wakamwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, wakitaka azuiwe kabisa kufanya biashara. Yeye akasema hawezi kuvumilia kuacha kuuza na kununua. Basi akafundishwa aseme, kila anapouziana na mtu, kwamba hakuna kulaghaiana, na akapewa siku tatu za kurudisha alichonunua. Hakufungiwa ndani. Alipunguziwa hatari tu, kwa kadiri ya udhaifu wake. Wanavyuoni wakaja kutofautiana katika mlango huu wanaouita hajri: Imamu Abu Hanifa hakuona kuwa mtu mzima mwenye akili azuiwe mali yake kwa sababu ya ubadhirifu, na Imamu Shafi, ambaye wengi wetu visiwani ni wa madhehebu yake, aliona kadhi anaweza kumzuia.

Na kwa anayesema mwanamke hapewi kazi hii: Sayyidna Umar alipoiwekea wakfu ardhi yake, hati iliandikwa, ikatajwa mwandishi na shahidi, na aliyepewa kuisimamia baada yake ni binti yake Bi Hafsa, maisha yake yote. Alikuwa na watoto wa kiume. Aliandikwa Bi Hafsa.

Sasa zile karatasi zenyewe, zenye miezi na tarehe, zimetoka wapi? Hizo zilipitia Bombay. Mahakama ya Mwingereza hapa Zanzibar ilifuata sheria nyingi za India, na kwa miaka mingi rufaa zake zilipanda jahazi na meli kwenda mahakama kuu ya Bombay. Tanganyika nayo, Waingereza walipoishika, ilipokea sheria nyingi za India kuanzia 1920. Huko India walikuwa na sheria ya 1912 iliyohusu wenye wazimu na mali zao. Ndani yake msimamizi alitakiwa ndani ya miezi sita apeleke mahakamani orodha ya mali zote alizozikuta, pamoja na madeni, kisha kila mwaka apeleke hesabu ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kuisha. Asiuze nyumba wala shamba, asiweke rehani, asitoe zawadi, mpaka mahakama imruhusu. Fungua sheria ya Kenya ya afya ya akili ya 1989 utakuta kipimo kilekile, kama fundi aliyepasua kitambaa kipya kwa kufuata gauni la zamani: orodha miezi sita, hesabu kila mwaka.

Jina la sheria ndilo lililokuwa likiumiza. Wazimu! Nani atapeleka jina la mama yake mbele ya watu chini ya neno hilo? Reli ya kati inayopita Kilosa ndiyo hiyohiyo iendayo Dodoma, na Dodoma kuna hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa 1927, ambayo jina lake watu wameligeuza tusi la mtaani. Nina hakika familia nyingi ziliacha mali ya mgonjwa iliwe kimyakimya kuliko kusimama mbele ya hakimu na kusema mtu wetu hajiwezi. Sheria ya Tanzania ya sasa, namba 21 ya mwaka 2008, inaitwa ya afya ya akili, na hilo peke yake ni nafuu. Nafuu nyingine ilikuja 2021, sheria iliporekebishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Shangazi hana wazimu, ana kiharusi. Niliweza kuyaandika hayo kwa lugha ambayo yeye mwenyewe, siku akiwa mzima, anaisoma.

Niwaambie nilivyofanya, maana wengi mmeniuliza kwenye simu. Amri yangu ilitaja tarehe, na nawe ukipata yako usome tarehe kabla hujafurahi. Kwanza orodha: kiwanja, vyumba, vitanda, mashine ya kusaga iliyokufa, akiba ya benki, na pia anachodaiwa. Hapa ndipo tulipotaabika, kwa sababu karatasi za nyumba ya babu ya Kilosa mjini hazikuwepo. Mnakumbuka mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010? Mto ulivunja kingo, maji yakaingia mjini, reli ikachukuliwa, watu wakahamia kwenye mahema. Sanduku la shangazi lilielea. Hati zilizobaki zilikuwa uji wa karatasi. Ilibidi tuende kwa majirani wa zamani, kwa serikali ya mtaa, kwa mashahidi wa mauziano waliokuwa bado hai, tuanze kujenga ushahidi upya. Wawili kati ya mashahidi walikuwa wameshafariki. Dada yangu, ukitoka kusoma hapa piga picha hati za mama yako, na nakala weka nyumba nyingine.

Baada ya orodha ni hesabu. Nilifungua akaunti ya benki mbali kabisa na ya duka langu, kwa sababu fedha zikichanganyika hata mwaminifu hawezi kujitetea. Kila kodi inaingia huko. Daftari lina tarehe, nani kalipa, kiasi, na namba ya risiti. Muuza genge hana risiti, basi naandika kipande na yeye anatia saini. Hati ya karani ikipigwa muhuri wa kupokelewa, nakala yangu naihifadhi kama cheti cha ndoa. Na hili la muhuri limeniokoa: yule ndugu wa kidau cha wino alikwenda kusema kwa watu kuwa nimejengea duka langu kwa kodi za mgonjwa. Kikao cha ukoo kikaitwa. Sikusema mengi. Nilitoa daftari.

Wajane nao wanakutana na karatasi za ukoo huohuo katika mirathi. Huku bara, ukiteuliwa msimamizi katika mahakama ya mwanzo, kanuni za 1971 zinakutaka upeleke taarifa ya mali na madeni, kwenye fomu namba tano, ndani ya miezi minne. Ukiteuliwa chini ya sheria ya mirathi inayotumika mahakama za juu, orodha ni miezi sita na hesabu mwaka mmoja. Nimewaona kina mama wanaolipata barua ya usimamizi, wanaiweka kabatini, na miaka mitano baadaye watoto wa mke mwenzake wanawashitaki kwa kutotoa hesabu. Hawakuiba hata senti. Hawakuandika.

Bi harusi wangu, hili nalo lako, hata kama sasa unawaza shela tu. Mahari yako ni yako. Ulichochuma ni chako, na sheria ya ndoa ya 1971 huku bara imekubali vilevile kuwa mke anamiliki mali kwa jina lake kama mume. Kwa hiyo ukipoteza fahamu kesho, Allah atuepushe, mumeo hawi mmiliki wa cherehani zako kwa sababu tu ni mumeo. Walii aliyekuozesha ni wa ndoa. Walii wa mali ni mlango mwingine, na mahakama itauliza nani anajua ulicho nacho. Je, yupo anayejua? Mimi nilirudi nikaandika orodha yangu ukurasa mmoja, nikampa mama.

Nilipotoka masjala nikapanda gari kwenda Mikumi. Shangazi alikuwa barazani, khanga mpya mabegani. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitika "Marahaba mwanangu," na safari hii jina alilonitaja lilikuwa langu, si la marehemu dada yake. Nikamfungulia daftari mapajani nikamsomea mwezi mmoja mmoja kama ninavyomsomea karani. Alisinzia kwenye dawa, akaamka kwenye bati.

"Umenunua shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Umepigwa," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi duka liko wazi, in shaa Allah.