Majira ya Kufanywa Upya: Tufyeke Kabla ya Mvua

Vitabu vingi vya kiroho vinavyotoka Ulaya na Marekani hufananisha kufanywa upya kwa Mkristo na majira ya machipuko. Theluji inayeyuka, miti mitupu inatoa majani, na wakati huohuo kanisa linasherehekea Pasaka. Kwetu Kasongo na Kabambare hakuna theluji, na Pasaka hutukuta mvua zingali zinanyesha. Je, Mungu ametupa majira gani ya kutukumbusha kazi hiyo?

Pasaka na nchi yake

Pasaka ilizaliwa katika majira ya nchi ya Biblia. Kutoka 13:4 inasema Waisraeli walitoka Misri mwezi wa Abibu, jina linalohusu masuke mabichi ya shayiri. Hata leo tarehe yake hufuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kufufuka kwa Bwana ni kwa mataifa yote. Lakini majani yanayochipuka kandokando ya sikukuu hiyo ni ya nchi za kaskazini.

Majira yetu

Kwetu kiangazi, ambacho wengi huita kipwa, huanza karibu na Juni na kwenda hadi Agosti. Ndipo tunapofyeka, tunaacha majani yakauke, kisha tunachoma. Mvua za Septemba zikirudi, tunapanda mpunga, mahindi na karanga. Kila mkulima anajua kwamba mtu anayengoja mvua ndipo ashike panga amechelewa. Majani mabichi hayaungui, na mbegu haina mahali pa kulala.

Manabii walihubiri jambo hilo. Katika Hosea 10:12 watu wanaitwa kulima shamba lililolala, wakimtafuta Bwana mpaka aje kuwanyeshea haki. Yeremia 4:3 inakataza kupanda kati ya miiba. Mvua ni neema: hakuna mtu anayeiteremsha kwa panga lake. Toba yetu hainunui Roho wa Mungu. Lakini neema ikinyesha juu ya miiba tusiyotaka kuing'oa, miiba nayo inakua.

Uamsho uliorudisha mali

Historia ya makanisa yetu inashuhudia hivyo. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, waamini waliungama dhambi mbele ya ndugu, na wengi walirudisha vitu walivyoiba. Mwaka 1953 uamsho uligusa makanisa ya Lubutu, kaskazini mwa Maniema yetu, na ya Ibambi. Huko pia nyimbo na machozi vilikwenda pamoja na kuungama na kulipa. Ndivyo alivyofanya Zakayo katika Luka 19:8: alipompokea Yesu nyumbani, alihesabu deni lake.

Miiba ya mashamba yetu

Tuseme wazi. Vita vya kuzunguka Salamabila katika miaka ya 2018 na 2019 viliwakimbiza watu wengi wa Kabambare, na si mara moja tu watu wetu wamekimbia. Mtu akirudi na kukuta mwingine analima shamba lake, jambo hilo si la chifu peke yake. Ni jambo la kanisa pia, kwa sababu mara nyingine wote wawili hukaa kwenye benchi moja Jumapili. Tunaweza kuomba uamsho usiku kucha, lakini Mathayo 5:23-24 inatutaka tuache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza kupatana na ndugu.

Kwa hiyo tunayashauri makanisa yautumie mwezi wa Agosti kwa kazi tatu. Wazee wa kanisa wakae na wenye ugomvi wa mipaka na mashamba, kabla mbegu haijaingia ardhini. Kila nyumba itaje deni moja na kulilipa, hata kidogo kidogo. Na wenye mbegu za mpunga wawakopeshe waliorudi mikono mitupu, bila riba.

Tukifanya hivyo, mvua ya kwanza itakaponyesha, tutaingia shambani na kanisani tukiwa tumepatana. Bwana atujalie majira yake.