Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Mwanangu alipotaka kuunda kompyuta ya mezani yenye mipira ya maji na taa za rangi, nilisema huo ni urembo mtupu. Nilikosea. Mwaka 1980 IBM ilitangaza kompyuta ya 3081 iliyopozwa kwa maji, maana sakiti zake zilisongamana mno. Zile za Cray-2 ya mwaka 1985 zilizamishwa katika umajimaji usiopitisha umeme, ulioonekana ukibubujika nyuma ya kuta angavu. Kumbe hata urembo ni wa zamani!

Tulitia maji yaliyokenekwa, kama yale ya maabara yetu, tukawasha pampu peke yake saa 24, karatasi kavu chini ya kila kiungio. Alfajiri moja ilikuwa imelowa. Tulikaza, tukaanza kuhesabu upya.