Hatua ya Mita 50: Gemu za Mashine za Sarafu Zilipohamia Nyumbani

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, turudi kwenye gemu. Kuna jambo limenikera kwa miaka mingi na nimeona niliandike.

Kama ulikulia Kenya miaka ya tisini, basi unaijua "gemu ya TV": kiboksi cha plastiki kinachochomekwa kwenye tundu la antena ya Great Wall, pedi mbili, bastola ya kupigia bata, na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999999. (Ukihesabu vizuri hazifiki hata mia. Zilizobaki ni zile zile zinaanzia hatua tofauti. Ulaghai mtupu, lakini nani alilalamika?) Kiboksi kile kilikuwa nakala ya Famicom, kifaa ambacho Nintendo walikitoa Japani Julai 1983. Na gemu nyingi ndani yake, kama Donkey Kong, Pac-Man na Galaxian, zenyewe zilikuwa nakala za gemu za makabati makubwa ya kutumbukiza sarafu, yaliyokuwa yakijaa kwenye kumbi za michezo huko Japani na Marekani. Kwa hiyo sisi tulikuwa tukicheza nakala ya nakala. Huku kwetu Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, sijawahi kuona kabati la namna hiyo hata moja. Nilichokuwa nacho mkononi ndicho nilichodhani ndiyo gemu yenyewe.

Kisha nikapata MAME, ile programu iliyotoka 1997 ya kuigiza mashine za sarafu ndani ya kompyuta. Nikafungua Donkey Kong ya 1981, nikacheza, nikashangaa. Kwanza Kong anapanda ngazi akiwa amembeba msichana, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Baadaye ikaja hatua nzima ngeni kabisa, ya mita 50, yenye mikanda inayotembea ikibeba karai za saruji. Gemu ile ina hatua 4: mita 25, 50, 75 na 100. Ya Famicom ina 3 tu. Nilikuwa nimeimaliza gemu hiyo mara nyingi nisijue kuna chumba kizima kimefungwa.

Kwa nini walikiacha? Kaseti ya Donkey Kong ya Famicom ina kilobaiti 24 tu: 16 za programu na 8 za picha. Picha unayopiga kwa simu leo ni kubwa kuliko hiyo mara mia. Aliyekuwa akihamisha gemu hakuwa akinakili faili kama tunavyofanya sisi. Alikuwa akiiandika upya kwa mashine nyingine, akiitazama ile ya kwanza. Tena kioo cha kabati kilisimama wima, na televisheni ya nyumbani imelala, kwa hiyo jengo refu la Kong ilibidi libanwe. (Nintendo wenyewe waliirudisha mita 50 kwenye toleo la Famicom mwaka 2010, lakini waliiweka ndani ya Wii nyekundu iliyouzwa Ulaya. Miaka 27 imepita!)

Hata hivyo, ukilinganisha na waliotangulia, Nintendo walifanya kazi safi. Mfano unaotajwa kila mara ni Pac-Man ya Atari 2600, ya 1982, na kwa maoni yangu aliyeiandika, Tod Frye, analaumiwa kupita kiasi. Atari 2600 ina baiti 128 za kumbukumbu ya kazi. Si kilobaiti, ni baiti. Na ina maumbo mawili tu makubwa yanayoweza kutembea juu ya picha. Pac-Man alichukua moja, yakabaki mazimwi manne kugawana lililobaki. Basi yakachorwa kwa zamu, zimwi moja kila picha, hivyo kila moja linaonekana mara moja katika picha nne. Matokeo yake mazimwi yanapepesa kama balbu inayotaka kuungua. Kaseti yenyewe ilikuwa ya kilobaiti 4. Mimi nikipewa baiti 128 leo siwezi hata kuandika ukurasa wa kuingilia.

Famicom nayo ilikuwa na mpaka wake: kwenye mstari mmoja wa kioo haiwezi kuchora maumbo zaidi ya 8. La tisa linapotea. Ndiyo maana katika Gradius ya mashine, ya 1985, ndege yako inafuatwa na wasaidizi hadi 4, lakini ile ya Famicom ya 1986 inakuruhusu 2. Na kwenye Gradius hiyo hiyo ndipo ilipozaliwa ile kodi maarufu ya juu-juu-chini-chini. Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliiweka kwa sababu gemu ilimshinda alipokuwa akiijaribu! Sisi tuliijua kupitia Contra, kwa maisha 30.

Contra ndiyo inayoniharibia hoja, kwa sababu nakala ilimpita mama yake. Ile ya mashine ni ya 1987, kioo wima. Ya Famicom ya 1988 hawakujisumbua kuifuata mstari kwa mstari. Waliitanua iwe ya televisheni, hatua zikarefushwa, kuruka na kufyatua kukawa kwepesi mkononi. Nimezicheza zote mbili na ya mashine nimeiacha bila majuto.

Sasa nije kwenye lililonikera hasa. Nilipocheza Contra kwenye kompyuta mara ya kwanza nilikufa ovyo. Gemu ilikuwa na kasi mno na muziki unakimbia. Nikadhani programu imeharibika. Kumbe iliyokuwa na kasoro ni ya nyumbani.

Televisheni za Japani na Marekani zilikuwa zikichora picha 60 kwa sekunde. Kenya tulitumia mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, hadi matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015. Gemu za wakati ule zilihesabu muda kwa picha: picha moja, hatua moja. Ukizipeleka kwenye picha 50, kila kitu kinapungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Mbio za sekunde 60 kule zinachukua 72 huku. Waliotengeneza viboksi vya nakala kwa nchi za PAL walikuwa wajanja: prosesa waliipa kasi ya megahezi 1.77, karibu sawa na 1.79 ya Japani, wakati Nintendo wenyewe Ulaya walitumia 1.66. Kwa hiyo sauti zilitoka karibu na ufunguo wake halisi, ila mdundo ukaburuta. Ndiyo maana hatukushtuka. Wimbo uliopungua kasi bila kushuka sauti unaweza kuusikiliza utoto mzima ukiamini ulitungwa hivyo.

Kwa hiyo "ustadi" wangu wa Contra ulikuwa na nyongeza ya asilimia 20 ya muda wa kufikiri. Hii iliniuma kuliko ile mita 50.

Na si jambo la viboksi vya bei rahisi tu. PlayStation ilipofika, tatizo la kunakili lilikuwa karibu limeisha: Namco walitengeneza mashine yao ya sarafu ya Tekken (1994) juu ya vyuma vya PlayStation yenyewe, kwa hiyo kuihamishia nyumbani mwaka 1995 kulikuwa kama kuhama chumba ndani ya nyumba moja. Tekken 3 ya mashine (1997) ilitumia vyuma vyenye kasi zaidi, na ya nyumbani (1998) ikabidi mandhari ya nyuma yawe picha bapa, lakini wakaongeza wapiganaji kama Gon, na mchezo wa mpira. Mpango mzuri. Ila ile ya Ulaya bado ilikuwa ya picha 50. Sony waliitumia hiyo hiyo kwenye PlayStation Classic ya Desemba 2018, na watu duniani kote wakapiga kelele kwamba Tekken inaburuta. Nami nilikuwa nikisema, karibuni!

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna kaseti iliyokinakili, nacho ni sarafu. Ugumu wa gemu za makabati ulipimwa kwa pesa: ufe upesi, ulipe tena. Street Fighter II ya 1991 ilikwenda mbele zaidi. Mnapigana wawili, aliyeshindwa ndiye anayetumbukiza nyingine. Nyumbani hilo lilifutika, unabonyeza tu kitufe cha kuendelea.

Huku kwetu likarudi. Vibanda vya gemu vya Kitengela, vile vya mabati vyenye televisheni tatu na benchi, viliichukua Tekken 3 ya nyumbani na kuigeuza tena mashine ya sarafu: shilingi 10, ukichapwa unapisha, mshindi anabaki. Makabati yalikuwa na swichi ndogo ndani ambazo mwenye ukumbi aliweka idadi ya maisha, na kwenye Donkey Kong angeweza kuchagua 3 hadi 6. Wenye vibanda hawakuwa na swichi, lakini walikuwa na ukurasa wa mipangilio. Wakapunguza raundi, wakakata muda, foleni ikasonga. Hawakuwahi kuliona kabati, ila waliifikia hesabu ile ile.

Siku hizi vibandani kinachotawala ni mpira kwenye PS4. Juzi nilimuuliza mwenye kibanda mmoja hapa Kisaju kwa nini kila nusu ameiweka dakika 4. Hata hakugeuka. "Kwani foleni huioni?"