Malame ya remorki: namna ya kuyakagua mbele ya kubeba mzigo

Mtu anayeshuka mlima wa Ngomo, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, anajua kwamba pale hakuna nafasi ya kosa. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni bonde. Remorki ikivunja lame pale, gurudumu linarudi nyuma, mpira unagusa bodi, na mzigo wote unalala upande mmoja. Na mara nyingi juu ya ule mzigo wamekaa watu.

Lame haivunjiki bila kutoa alama. Inaonyesha dalili siku nyingi mbele. Shida ni kwamba wengi wetu hatuinami kuangalia. Tunasema: "Ingali inatembea, twende tu." Katika ukurasa huu tunaeleza namna mwenye remorki, shofere au taniboi anavyoweza kukagua malame yeye mwenyewe, na wakati gani inafaa kumuita fundi.

Resori ya malame ni kitu gani?

Ni vipande vya chuma bapa vilivyopindwa kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine. Kile kirefu kupita vyote ndiyo lame mama. Ncha zake zimekunjwa zikawa macho mawili, na kupitia macho hayo resori inafungwa kwenye shasi. Malame mengine ni mafupi, kazi yake ni kuisaidia lame mama.

Vitu vinne vinashikilia resori mahali pake:

- Buloni ya katikati. Inapita ndani ya malame yote, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Ndiyo inayozuia ekseli isitembee mbele wala nyuma.
- Mabridi, yale machuma yenye umbo la herufi U. Yanabana resori na ekseli pamoja.
- Jumeli, vile vibao viwili vya chuma kwenye ncha moja ya resori. Vinacheza ili resori ipate nafasi ya kurefuka inapobanwa na mzigo.
- Bushi ndani ya macho, za mpira, plastiki au shaba. Zinazuia chuma kisilane na chuma.

Remorki ya ekseli mbili ina kipande kingine kati ya resori ya mbele na ya nyuma, kinaitwa balansie. Kinagawa uzito kwa magurudumu yote. Nacho kina buloni na bushi zake, na watu wengi wanakisahau.

Mbele ya kuingia chini

Simamisha remorki mahali pa sawa, ikiwa tupu. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Osha matope yote, kwa sababu ufa mdogo unajificha chini ya udongo. Kama unainua, weka kriki chini ya shasi, halafu panga magogo mazito au vikalio vya chuma. Kriki inainua, haishikilii. Usiingie kamwe chini ya remorki iliyobebwa na kriki peke yake.

Mambo sita ya kuangalia

1. Simama nyuma, mbali kidogo, uangalie kama bodi imelala upande mmoja. Pima kwa mita kutoka ardhini hadi kwenye shasi, kushoto na kulia. Kama vipimo vinaachana sana na remorki ni tupu, resori moja imechoka.

2. Angalia umbo la upinde. Resori nyingi za remorki zinapaswa kuwa na mkunjo unaoonekana wakati hakuna mzigo. Ikiwa resori ya namna hiyo imenyooka kama rula, au imepinda kwa upande wa kinyume, nguvu yake imekwisha.

3. Tafuta nyufa. Pitisha taa na kidole kwenye kando za kila lame, zaidi karibu na mabridi, kwenye buloni ya katikati na kwenye macho. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaokata lame ni dalili mbaya: maji yameingia ndani ya ufa.

4. Angalia kama malame yamepangana. Lame moja ikichomoza upande au ikiteleza mbele, huenda buloni ya katikati imekatika. Pima tena kutoka jicho la mbele la resori hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimeta chache, ekseli imehama. Ndiyo maana unaona remorki nyingine zinatembea kwa ubavu, hazifuati gari sawasawa.

5. Tikisa jumeli kwa chuma kirefu. Zikicheza sana au zikilia, bushi zimelika. Angalia pia kama matundu ya buloni yamekuwa marefu kama yai badala ya kuwa mviringo.

6. Soma mipira. Mpira unaolika upande mmoja haraka kuliko mwenzake unakuambia kwamba ekseli haiko sawa. Alama ya kusuguliwa juu ya bodi inamaanisha resori inashuka kupita kiasi.

Kuchomelea na kufunga kwa kamba

Hii ndiyo tabia inayotuletea hasara kubwa. Lame imevunjika, mtu anaipeleka kuchomelea, au anaifunga kwa vipande vya mupira wa ndani. Kamba inaweza kukusaidia kutoka katikati ya barabara, polepole, mzigo umeteremshwa, hadi kwenye garaji ya karibu. Si dawa ya safari.

Kuhusu kuchomelea, sababu iko ndani ya chuma chenyewe. Lame imepashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani ili ipinde na kurudi. Moto wa kuchomelea unaharibu ile kazi. Pembeni ya mshono chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, au kinalegea. Kwa hiyo itavunjika tena, mara nyingi pembeni kidogo ya pale palipochomelewa.

Wakati wa kubadilisha, badilisha resori za kushoto na kulia pamoja. Mpya na nzee hazibebi sawa. Nunua pia mabridi mapya, kwa sababu ya zamani yamekwisha kuvutika. Kaza nati zake kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkato wa msalaba. Buloni za macho na jumeli zenye bushi za mpira zikazwe mwisho remorki ikiwa imesimama kwenye magurudumu yake, la sivyo mpira unajipinda na kupasuka mapema. Kisha kaza tena mabridi baada ya kilomita 80 hadi 100, ni kusema kama umetoka Butembo kwenda Beni na kurudi.

Grisi iende wapi?

Bushi za shaba zenye tundu la grisi zinapigwa grisi mpaka ile ya zamani, nyeusi, itoke. Bushi za mpira hazitaki grisi wala oili ya moteri: mafuta yanaoza mpira. Kumwaga oili chafu juu ya malame pia si vizuri. Inakamata vumbi na mchanga, na ule mchanganyiko unakula chuma.

Fanya hesabu ya mzigo

Tuseme kila resori imetengenezwa kubeba kilo 750. Mbili zinabeba kilo 1500. Lakini bodi ya remorki nayo ina uzito, tuseme kilo 300. Zinabaki kilo 1200, sawa na mifuko 24 ya simenti ya kilo 50. Ukipakia 40, umezidisha kilo 800. Kuongeza lame moja au mbili hakumalizi shida, maana ekseli, mipira na breki zimebaki zilezile.

Panga mzigo mzito chini na mbele kidogo ya ekseli, ili ndoano ya gari ipate asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Mzigo ukikaa nyuma, remorki inaanza kuyumba.

Kila lini?

Mbele ya kila safari: zunguka remorki, angalia kama imelala, gusa nati za mabridi. Kila mwezi, au baada ya barabara mbaya ya mvua: osha na ufanye ukaguzi wote sita. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, teremsha mzigo palepale. Kuchelewa siku moja sokoni ni hasara inayohesabika. Watu waliokaa juu ya mifuko hawana nyingine.