Umri wa Wafu Wasio na Maandishi: Skani za Mifupa na Historia ya Katavi

Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ilianzisha kituo huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Wapagazi na wakazi wa zama hizo kwa kawaida hawakuhesabu umri kwa tarehe, bali kwa matukio kama vile njaa na vita. Iwapo mabaki yao yatachunguzwa, mifupa ndiyo itakayoulizwa umri. Makala haya yanahoji iwapo jibu litakalopatikana litakuwa la Karema.

Njia ya msingi ilitungwa na T. Wingate Todd huko Cleveland, Marekani, mwaka 1920. Todd aligawa mabadiliko ya maungio ya mifupa ya kinena katika hatua 10: uso wenye matuta ujanani husawazika, hupata ukingo, kisha huchakaa. Udhaifu wake ni kutegemea jicho la mchunguzi. Skani za pande tatu zimepunguza udhaifu huo. Mwaka 2015 Dennis Slice na Bridget Algee-Hewitt walichapisha njia ambayo kompyuta hukokotoa umbo la uso huo.

Hata hivyo, usahihi wa kipimo si usahihi wa umri. Mwaka 1982 Jean-Pierre Bocquet-Appel na Claude Masset walibainisha kwamba makadirio huelekea kuiga mgawanyo wa umri wa mkusanyiko uliotumika kutunga kanuni. Aidha, dalili za mfupa hutofautiana mno uzeeni, hivyo wazee hukadiriwa kuwa vijana kuliko walivyokuwa. Jamii iliyokuwa na wazee, walinzi wa kumbukumbu za koo, inaweza kuandikwa kana kwamba haikuwa nao.

Tatizo huzidi panapobaki fuvu pekee, kama ilivyo kwa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyotafitiwa Berlin, yakiwamo takriban 200 ya Tanzania. Mishono ya fuvu ni kigezo dhaifu kuliko kinena.

Kwa hiyo, mwanahistoria anapaswa kutaja kiwango cha chini na cha juu cha umri pamoja na mkusanyiko uliolinganishwa, na kuyapima makadirio hayo kwa masimulizi ya koo. Skani huhifadhi umbo la mfupa. Haimpi marehemu tarehe ya kuzaliwa.