Wanafunzi Waliozikomboa Nyimbo za Wajerumani

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuimba wimbo wa jadi wa kwao lilikuwa jambo la aibu. Tangu 1933 Wanazi walizifanya nyimbo hizo mali yao: ziliimbwa kwenye magwaride, zikachapwa katika vitabu vya Vijana wa Hitler bega kwa bega na nyimbo za vita. Hitler alipoanguka, wazazi wengi walinyamazia yaliyotendeka. Watoto wao wakaona heri waimbe za Wafaransa na Wamarekani.

Mambo yalianza kugeuka wakati wa Pentekoste ya 1964, kwenye magofu ya ngome ya Waldeck, katika vilima vya Hunsrück. Vijana, wengi wao wanafunzi, waliandaa hapo tamasha lililofanyika kila mwaka hadi 1969. Ndipo walipojulikana Reinhard Mey, Hannes Wader na Franz Josef Degenhardt, mwanasheria aliyewaimba matajiri wa mji mdogo na unafiki wao. Peter Rohland alifufua nyimbo za Mapinduzi ya 1848, akaimba pia za Wayahudi kwa Kiyidishi, takriban miaka ishirini tu baada ya maangamizi yao. Alifariki 1966 akiwa na miaka 33.

Nyimbo hizo zilikuwa zimejificha wapi? Nyingi zilikusanywa ng'ambo ya mpaka, Ujerumani Mashariki. Wolfgang Steinitz, mwanaisimu wa Kiyahudi na mkomunisti aliyemkimbia Hitler, alichapisha Berlin Mashariki juzuu mbili, 1954 na 1962, zenye nyimbo za wanyonge wa karne sita: wakulima waliowalaani mabwana, askari waliochukuliwa jeshini kwa nguvu, wafumaji wa Silesia walioinuka 1844 dhidi ya matajiri wa nguo. Kwa kijana aliyedhani jadi yake yote ni utiifu na bendera, kitabu hicho kilimpa mababu wengine.

Ulikuwapo pia wimbo wa wafungwa wa kambi ya Wanazi ya Börgermoor, uliotungwa 1933. Mchimba madini Johann Esser na mwigizaji Wolfgang Langhoff waliandika maneno, Rudi Goguel akatia muziki. Uliimbwa mara ya kwanza katika onyesho la sarakasi lililoandaliwa na wafungwa wenyewe, na haukukawia kupigwa marufuku.

Sambamba na gitaa kulikuwa na kabareti, jukwaa dogo ambapo wakubwa husutwa kwa kichekesho na wimbo. Vyuo vikuu vilikuwa kitalu chake. Dieter Hildebrandt alianza na kundi la wanafunzi mjini München mwaka 1955, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha kundi la Lach- und Schießgesellschaft, lililokuja kutazamwa na taifa zima kwenye televisheni. Hanns Dieter Hüsch naye alianzia chuoni Mainz.

Hüsch huyo ndiye aliyezomewa Waldeck mwaka 1968. Wanafunzi walikatiza maonyesho, wakataka gitaa ziwekwe chini na mjadala uanze. Hasira yao ilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia polisi wa Berlin Magharibi alimpiga risasi na kumwua mwanafunzi Benno Ohnesorg. Aprili 1968 Rudi Dutschke, kiongozi wa wanafunzi, alipigwa risasi kichwani. Mwishoni mwa Mei bunge likapitisha sheria za hali ya hatari. Hata hivyo, kumnyamazisha msanii aliyekuwa upande wao lilikuwa kosa, na liliwaumiza watu waliokuwa wamewafungulia njia. Mwaka uliofuata tamasha likawa la mwisho.

Nyimbo zenyewe zilihamia mashambani. Mwaka 1975 wakulima na wanafunzi walikalia uwanja wa Wyhl, kando ya mto Rhine, kuzuia kinu cha nyuklia. Walter Mossmann, mmoja wa vijana wa Waldeck, alikuwa ameuchukua wimbo wa wachimba makaa wa Marekani akautilia maneno mapya. Jina la wimbo huo mpya aliligeuza kutoka lile la wimbo wa kizalendo wa karne ya 19 uliowataka Wajerumani wailinde Rhine dhidi ya Wafaransa. Sasa Wajerumani na Wafaransa wa Alsace waliuimba pamoja, kwenye kingo zote mbili za mto. Kinu cha Wyhl hakikujengwa.